Wasomaji Wanaoipinga Nadharia: Historia ya Kufasiri Masimulizi ya Karatu na Ngorongoro

Nadharia ya fasihi ni mawazo yaliyopangwa ili kueleza fasihi ni nini, hutokana na nini, hufanya kazi gani katika jamii na isomwe kwa njia ipi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mawazo hayo yalikuwa somo linalojitegemea katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Afrika Mashariki, na papo hapo yakapata wapinzani. Baadhi yao ni watu wasiopenda kusumbuliwa na fikra ngumu, na hao hawana mengi ya kujadiliwa. Wengine ni wasomaji makini: waandishi, walimu na watafiti wanaoipenda fasihi na kuijua nadharia yenyewe vilivyo. Upinzani wao una sababu, na sababu hizo zina historia.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, ni mahali pazuri pa kuifuatilia historia hiyo. Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda na mizizi, ambao lugha yao haijathibitika kuwa na ndugu. Wairaqw, wakulima na wafugaji wenye lugha ya Kikushi, walienea hadi Karatu wakitoka nyanda za juu za Mbulu, hasa katika karne ya 20. Wadatoga na Wamaasai, wafugaji wenye lugha za Kiniloti, wamepokezana malisho ya Ngorongoro. Wamekuja pia wasemaji wa lugha za Kibantu, na Kiswahili kikawa lugha ya soko, shule na ofisi. Kwa zaidi ya miaka 100 wageni wenye daftari wamesikiliza ngano, visasili na dua za watu hawa, kisha wakazieleza kwa nadharia iliyotawala wakati wao. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayekariri majina ya nadharia za fasihi simulizi, yaani ubadilikaji taratibu, msambao, uamilifu na utaifa, kwa kweli anakariri orodha ya mambo yaliyowahi kufanyiwa masimulizi ya eneo hili.

Msambao: Wamaasai na gharika

Nadharia ya msambao hudai kwamba hadithi zinazofanana katika jamii mbalimbali zilitoka chimbuko moja zikasambaa kwa uhamaji na mawasiliano. Mfano wake mashuhuri katika Afrika Mashariki ni kitabu cha Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa na kituo Moshi. Kitabu hicho, Die Masai, kilichapishwa Berlin mwaka 1904, na katika jina lake refu Wamaasai wameitwa taifa la Kisemiti la Afrika Mashariki. Merker alikusanya masimulizi mengi juu ya kuumbwa kwa watu, kosa la kwanza na gharika, akahitimisha kwamba Wamaasai na Waisraeli wa kale walikuwa na asili moja, na kwamba Wamaasai wamehifadhi kumbukumbu zilizotangulia Biblia.

Kisa cha gharika alichokiandika kinamhusu mtu mwadilifu aitwaye Tumbainot. Nduguye alipofariki, Tumbainot alimrithi mjane wake kama ilivyokuwa desturi. Baadaye mtu mmoja akamuua mwenzake, na Mungu akaamua kuwaangamiza wanadamu. Tumbainot akaamriwa kutengeneza chombo cha mbao na kuingia humo pamoja na wake zake, watoto wake na wanyama wa kila aina. Mvua iliponyesha na kukatika, alimtoa njiwa, naye akarudi akiwa amechoka. Kisha akamtoa tumbusi, lakini kwanza akamfunga mshale mkiani. Alifikiri kwamba tumbusi akitua kwenye mzoga, mshale utanasa na kubaki huko. Jioni ndege alirudi bila mshale, na Tumbainot akajua kwamba maji yamepungua kiasi cha mizoga kuonekana. Alipotoka nje aliona pinde za mvua nne, moja katika kila upande wa mbingu.

Msomaji wa Ulaya aliyekutana na kisa hiki aliona mara moja yale anayoyajua: chombo, njiwa, upinde wa mvua. Hayo ndiyo yaliyobebwa na nadharia. Yaliyoachwa ni mjane aliyerithiwa, ambaye anaifanya familia ya mwokokaji kuwa familia ya Kimaasai, na hila ya mshale, ambayo haiwezi kubuniwa ila na watu wanaozijua tabia za tumbusi na thamani ya mshale unaopotea mzogani. Nadharia ya msambao iliyatumia yanayofanana na kuyafumbia macho yasiyofanana, ilhali sanaa ya msimulizi ilikuwa zaidi katika haya ya pili.

Kulikuwa na swali jingine ambalo nadharia haikulijibu vya kutosha. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamefika Moshi miaka ya 1880, na wengine, Wakatoliki na Walutheri, wakafuata miaka ya 1890. Mtu aliyemsimulia Merker huenda alikuwa amesikia habari za Nuhu kutoka kwa jirani aliyebatizwa, akazipa sura ya nyumbani kama wasimulizi wote wafanyavyo. Kutenganisha la zamani na la jana kulihitaji kujua nani alisimulia, wapi, na mbele ya nani. Mwaka 1905 A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza katika eneo ambalo sasa ni Kenya, alichapisha kitabu chake juu ya lugha na ngano za Wamaasai. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba maneno ya Kimaasai yenyewe yamo kitabuni, sambamba na tafsiri. Aliyesita kukubali maelezo ya kitabu aliweza angalau kuurudia usemi wa msimulizi.

Wazo la Merker halikuwa peke yake. Mwaka 1912 Carl Meinhof alitoa kitabu chake juu ya lugha alizoziita za Kihamiti, akiiingiza lugha ya Kimaasai humo, katika zama ambazo wengi waliamini kuwa kila ustaarabu wa Afrika uliletwa na watu weupe kutoka kaskazini. Joseph Greenberg aliuvunja mpango huo katika kazi zake zilizofikia kilele mwaka 1963: Kimaasai kikawekwa pamoja na lugha za Kiniloti, na Kiiraqw pamoja na za Kikushi. Kwa hiyo ufafanuzi mzima wa masimulizi ulikuwa umesimama juu ya msingi wa nasaba na rangi ambao sayansi ya lugha iliubomoa. Msomaji anayejua habari hii ana sababu ya kutoipokea kwa haraka nadharia nyingine inayokuja na uhakika uleule.

Ubadilikaji taratibu: Wahadzabe na watu wa kale

Nadharia ya ubadilikaji taratibu iliazima wazo la mageuzi ya viumbe na kulitumia kwa jamii. Jamii zote, ilidaiwa, hupanda ngazi moja, na masimulizi ya zilizo chini ni masalia ya utoto wa binadamu. Wahadzabe waliathirika kuliko wote. Dorothea Bleek, aliyekuwa mtaalamu wa Wasan wa kusini mwa Afrika, aliwatembelea mwaka 1930 na kuchapisha ripoti mwaka uliofuata. Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani, alifanya kazi katika bonde la Eyasi miaka ya 1930. Mwaka 1935 vipande vya fuvu la kale vilipatikana kando ya ziwa, na mwaka 1938 mkewe, Margit Kohl-Larsen, alichimba katika pango la Mumba. Katika safari zilezile Ludwig Kohl-Larsen alirekodi mamia ya ngano za Wahadzabe, Waisanzu na majirani wao, ambazo zilianza kutolewa kwa Kijerumani miaka ya 1950.

Mazingira hayo yalikuwa mtego. Mtafiti yuleyule alikuwa anachimba mifupa asubuhi na kusikiliza hadithi jioni, na ilikuwa rahisi kuwaona wasimulizi kama sehemu ya machimbo. Hali hiyo ilizidi baada ya mwaka 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey alipogundua fuvu maarufu la Olduvai na Ngorongoro ikajulikana duniani kote kama chimbuko la binadamu.

Wahadzabe wenyewe wana masimulizi ya zamani yenye mpangilio wake. Kwanza waliishi majitu wenye manyoya, wasio na moto wala zana, ambao walimtazama mnyama tu naye akaanguka amekufa. Wakafuata majitu wengine wasio na manyoya, waliojua moto na kuwinda kwa mbwa, kwa kuwa wanyama walikuwa wameanza kuwa waoga. Kisha wakaja watu wa kimo cha kawaida wenye pinde na mishale, na mwisho watu wa leo. Msomaji mwenye nadharia ya mageuzi hushangilia hapa: majitu wenye manyoya wanafanana na michoro ya watu wa kale katika vitabu vya shule, na kutokuwa na moto kunalingana na maelezo ya wanaakiolojia.

Lakini usomaji huo unayatia masimulizi katika safari ambayo si yake. Katika hadithi ya Wahadzabe kila enzi inapata zana zaidi na kupoteza uwezo fulani. Mtu wa kwanza hakuhitaji mshale kwa sababu jicho lake lilitosha. Wanyama waliongeza woga kadiri binadamu alivyoongeza vifaa. Hiki ni kisa juu ya uhusiano wa mwindaji na windo, nacho kinakwenda kinyume na ngazi ya maendeleo ambayo nadharia inataka kukipandisha. Anayekisoma kama kumbukumbu ya mageuzi anakipongeza kwa kusema jambo ambalo hakikulisema.

Ulikuwapo pia ugumu wa lugha. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya watafiti wa zama hizo na Wahadzabe ilipita katika lugha za majirani, na kilichofika kwa msomaji kilikuwa Kijerumani safi kilichonyooshwa. Kicheko, kurudia, sauti ya mnyama inayoigwa na msimulizi, na maneno ya wasikilizaji wanaomdakia vilipotea njiani. Nadharia iliyojengwa juu ya matini ya namna hiyo ilikuwa inafasiri kivuli cha hadithi.

Uamilifu na umuundo: kisa kimoja, majibu mengi

Kuanzia miaka ya 1920 wanaanthropolojia walianza kuachana na maswali ya asili. Bronisław Malinowski alidai mwaka 1926 kwamba kisasili ni hati ya jamii: kazi yake ni kuhalalisha haki, ardhi na desturi zilizopo. Mwaka 1955 Claude Lévi-Strauss alileta umuundo, ambao hutafuta jozi za mambo yanayopingana ndani ya kisasili. Baadaye Umaksi na ufeministi vikaongeza maswali juu ya tabaka na jinsia.

Athari za nadharia hizi zinaonekana kwa kutazama kisasili kimoja kinachojulikana sana katika nchi ya Wamaasai. Mungu, Engai, aliteremsha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi ili awape watu. Ng'ombe wakawa wanashuka mmoja baada ya mwingine. Mndorobo, mwindaji asiye na mifugo, aliona wivu au alistaajabu kwa sauti, kutegemea msimulizi. Katika baadhi ya matoleo aliukata ukanda kwa mshale. Ng'ombe wakakoma kushuka. Tangu hapo waliokwisha kushuka ni mali ya Wamaasai, na Mndorobo akabaki na wanyama wa porini.

Mwanauamilifu husema kisa hiki ni hati ya umiliki: kinaeleza kwa nini Mmaasai ana haki ya ng'ombe wote. Mwanaumuundo huona mbingu na ardhi, mfugo na mnyama wa porini, mfugaji na mwindaji, huku ukanda ukiwa daraja kati ya pande mbili. Mmaksi huona itikadi ya wenye mali inayomlaumu maskini kwa umaskini wake. Kila jibu lina ukweli ndani yake. Tatizo ambalo msomaji makini huliona ni kwamba kila mmoja alijua jibu lake kabla hajasikia hadithi, na angepata jibu hilohilo katika hadithi nyingine yoyote. Hakuna kati yao aliyeuliza kwa nini msimulizi mmoja anamfanya Mndorobo apige mshale na mwingine anamfanya apige ukelele tu. Tofauti hiyo ni kubwa. Katika toleo la mshale kuna mkosaji. Katika toleo la ukelele kuna bahati mbaya iliyowapata wote. Msimulizi aliyechagua moja kati ya hizo alikuwa na sababu, pengine kwa kuwa Mndorobo alikuwa ameketi miongoni mwa wasikilizaji.

Hapa ndipo kazi ya wasomi wenyeji ilipoanza kuleta mabadiliko. Naomi Kipury, Mmaasai wa Kenya, alichapisha mwaka 1983 kitabu juu ya fasihi simulizi ya Wamaasai, chenye ngano, vitendawili, methali na nyimbo, pamoja na maelezo ya nani husimulia nini na kwa ajili ya nani. Nadharia haikukosekana kitabuni humo, lakini ilikuja baada ya msimulizi na hadhira kutambulishwa.

Chuo kikuu, taifa na mgogoro wa ushairi

Uhuru ulileta wapinzani wa aina mpya, wale wa utaifa. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ifutwe, na mahali pake pawekwe idara inayoanzia fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi. Mwaka 1970 Okot p'Bitek wa Uganda alitoa kitabu kinachowashutumu wataalamu wa Magharibi kwa kuivisha miungu ya Waafrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo. Shutuma hiyo ingeweza kuandikwa juu ya Tumbainot bila kubadili neno. Okot alikuwa amesoma anthropolojia Oxford. Hakuipinga nadharia kwa kutoijua.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa wakati huo kitovu cha fikra za kijamaa, na uhakiki wa Kimaksi ukashika nafasi kubwa miaka ya 1970 na 1980. Uhakiki huo ulikuwa na manufaa: uliuliza nani anafaidi, nani ananyonywa, na mwandishi yuko upande gani. Uliwavunja moyo wasomaji pale ulipogeuka kuwa hukumu. Kazi ilipimwa kwa msimamo wake tu, na ngano ya sungura na fisi ikalazimishwa kuwa mapambano ya kitabaka, hata kama kijijini ilikuwa inachekesha watoto kabla ya kulala.

W. D. Kamera wa chuo hichohicho alichapisha katika miaka hiyo ya 1970 ngano za Wairaqw, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiiraqw sasa aliweza kuzisoma hadithi za Mbulu na Karatu kama fasihi, bila kupitia ripoti ya serikali ya kikoloni au jarida la Ulaya.

Mjadala uliowagusa wengi zaidi ulikuwa mgogoro wa ushairi. Kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 kilikuwa kimeweka sheria za kutunga mashairi, vina na mizani vikiwa nguzo. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 bila kuzifuata sheria hizo, na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walipotetea tungo huru katika kazi zao za miaka ya 1970, washairi wengi wa kimapokeo walikasirika. Walisema wasomi wanaleta nadharia za kigeni na kuuita ushairi kitu ambacho si ushairi.

Mgogoro huu mara nyingi husimuliwa kama vita kati ya mapokeo na nadharia. Kutoka Karatu unaonekana kwa namna tofauti. Wairaqw wana slufay, tungo ndefu ya dua na baraka. Mzee huitamka mbele ya wenzake akiombea mvua, mifugo, watoto na amani ya nchi, nao humwitikia. Lugha yake ni ya picha na mafumbo, mistari yake huenda kwa sambamba, na kuitamka vizuri ni heshima kubwa. Haina vina vya kati na vya mwisho, wala mizani 16. Kwa sheria ya vina na mizani slufay si shairi. Kwa hoja ya Mulokozi na Kahigi, waliokumbusha kwamba tungo za bara zina mdundo na ufundi usiopimwa kwa kanuni za pwani, slufay ni ushairi kamili.

Mambo mawili yanafuata hapa. La kwanza ni kwamba waliosema wanaipinga nadharia walikuwa na nadharia yao, ile ya vina na mizani, ila walikuwa wameizoea kiasi cha kutoiona. La pili ni kwamba safari hii nadharia ya wasomi ndiyo iliyowafungulia mlango watu wa bara. Upinzani dhidi ya nadharia unaweza kuwa sahihi juu ya Merker na kukosea juu ya Kezilahabi.

Nadharia katika shule

Watu wengi wa Karatu au Ngorongoro hukutana na nadharia shuleni kabla ya chuoni. Uhakiki katika shule za sekondari za Tanzania umegawanywa katika fani na maudhui. Chini ya maudhui huorodheshwa dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na msimamo. Chini ya fani huorodheshwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Chuoni vikaongezwa vitabu vya nadharia kwa Kiswahili, kama vile cha Kyallo Wadi Wamitila cha mwaka 2002 na cha Richard Wafula na Kimani Njogu cha mwaka 2007. Kabla ya hapo F. E. M. K. Senkoro alikuwa ameandika kwa Kiswahili juu ya nadharia ya fasihi na ya ushairi katika miaka ya 1980. Kazi hizi zimekipa Kiswahili istilahi za kujadili fasihi bila kuazima kila neno, na hilo ni jambo kubwa.

Hasara huja mtihani unapotawala. Orodha iliyokusudiwa kumsaidia msomaji aone humfanya ajaze nafasi. Mwanafunzi hukariri kutoka katika mwongozo kwamba riwaya fulani ina dhamira tano na migogoro minne, na anaweza kupata alama nzuri bila kukifungua kitabu. Mtoto aliyekulia Mang'ola au Endabash, wilayani Karatu, akisikiliza ngano za bibi yake anaingia darasani na kuambiwa kwamba fasihi simulizi ina sifa kadhaa, anaziandika daftarini, na mara nyingi haulizwi hata mara moja asimulie ile anayoijua. Wengi huanza kuichukia nadharia hapo, nao huipinga kwa haki, ingawa kinachopaswa kulaumiwa zaidi ni namna ya kupima.

Sababu za upinzani

Historia hii inatoa sababu 4 kuu. Ya kwanza ni jibu linalotangulia swali. Nadharia inayopata kitu kilekile katika kila kazi haijaisoma kazi yoyote. Susan Sontag alitoa malalamiko ya aina hii Marekani mwaka 1964 katika insha yake dhidi ya tafsiri zinazochimba maana iliyofichika na kuiacha sanaa yenyewe.

Ya pili ni lugha na tukio. Sehemu kubwa ya nadharia ilijengwa na watu waliosoma matini zilizochapishwa. Ngano ya Kihadza au slufay ya Kiiraqw huishi katika sauti, wakati, mahali na watu waliopo, na nadharia isiyo na nafasi kwa mambo hayo huanza na hasara.

Ya tatu ni mamlaka. Merker alikuwa na bunduki pamoja na daftari, na waliofasiriwa hawakuweza kumjibu kitabuni. Nadharia nyingi zilizofuata hazikuwa na bunduki, lakini ziliandikwa Berlin, Paris au Marekani na kusomwa huko. Barbara Christian, mhakiki mweusi wa Marekani, aliandika mwaka 1987 kwamba mbio za nadharia zilikuwa zinawasukuma pembeni waandishi weusi wakati sauti zao zilipoanza tu kusikika, na kwamba watu wake daima walifikiri kinadharia kupitia hadithi na methali.

Ya nne ni msamiati mgumu. Istilahi zikiwa nyingi kuliko mawazo, msomaji hushuku kwamba anafichwa kitu. Shaka hiyo mara nyingine huwa ya haki na mara nyingine huwa uvivu, kwa kuwa kila fani, hata ufugaji, ina maneno ambayo mgeni hawezi kuyaelewa siku ya kwanza.

Mipaka ya upinzani

Paul de Man alidai mwaka 1982 kwamba upinzani dhidi ya nadharia umo ndani ya nadharia yenyewe na hauwezi kuondolewa. Si lazima kukubaliana naye ili kuona kwamba msomaji asiye na nadharia hayupo. Anayesema ngano ni ya kuburudisha watoto tu ana nadharia ya fasihi, tena dhaifu.

Kuna pia mambo ambayo hayangeonekana bila swali la kinadharia. Wamaasai husimulia kwamba zamani wanawake nao walikuwa na mifugo yao, ambayo ilitoroka kwa uzembe wao na kuwa wanyama wa porini. Ndiyo maana sasa ng'ombe ni wa wanaume. Msikilizaji anaweza kukisikia kisa hiki mara nyingi na kukiona cha kawaida. Swali la kifeministi, nani anafaidika mkosaji akiwa mwanamke, linamfanya akisikie upya, na kukilinganisha na kisa cha Mndorobo, ambamo pia asiye na ng'ombe ndiye anayebebeshwa kosa la kuwakosa. Visa viwili vinaonyesha mbinu moja ya kusimulia. Huo si ugunduzi mdogo, na umetokana na swali lililotoka nje.

Vivyo hivyo Ruth Finnegan, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika kilizikosoa vikali nadharia za ubadilikaji taratibu na msambao, aliandika humohumo kwamba utendi si utanzu wa kawaida wa Afrika. Mulokozi alimjibu kwa utafiti wa tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi. Hakumjibu kwa kuikataa nadharia ya tanzu. Alimjibu kwa kuleta tungo zenyewe, kwa lugha yake, na watendaji wake, kisha akaonyesha kwamba maana ya utendi inapaswa kupanuliwa.

Mwenendo wa Mulokozi ndio unaofaa kuwa kipimo. Nadharia inayokubali kurekebishwa na hadithi ni chombo cha kusomea. Inayoirekebisha hadithi ili yenyewe ibaki salama ni ile ambayo wasomaji makini wameipinga tangu enzi za Merker, na wamekuwa na haki. Kwa mwalimu wa Karatu au Ngorongoro jambo la kufanya liko wazi: mwanafunzi asimulie kwanza ngano ya kwao, ataje aliyemsimulia na ilisimuliwa lini na kwa nani, aeleze kinachobadilika msimulizi anapobadilika, na baada ya hapo ndipo aulizwe ni nadharia ipi inamsaidia kuona zaidi.